Nilisema Wangoje Maji Yapungue

Mimi naitwa Ndinda, na hapa Migwani watu wananijua kwa mambo mawili: mdomo na mto. Nimezaliwa kando ya Mto Tyaa, nikachota maji kwenye visima vya mchanga tangu nilipoweza kubeba mtungi wa lita tano. Mvua ikinyesha huko juu mto ukafurika, utakuta watu wamejaa ukingoni, walimu, watu wa bodaboda, mtu na mbuzi wake wa soko, na wote wananiuliza mimi. Nawaambia kaeni chini. Maji ya kwetu yana kelele za bure. Jioni yanatisha, asubuhi ni mchanga tu uliolowa, unavuka na viatu vyako. Anayesombwa ni yule mwenye haraka. Miaka yote hiyo sikuwahi kukosea, na nilikuwa najisifu, kwa nini nidanganye.

Mume wangu Mulwa ni fundi wa magari. Si mtu wa maneno. Rafiki yake alikuwa Abdiaziz, mtoto wa Mzee Hirsi muuza mbuzi, na mamake ni Ruqiya, mwenye duka la sukari na leso mbele ya gereji. Abdiaziz aliendesha lori la babake, na matope hayakumsumbua hata kidogo. Mtu alimpiga video akilitoa lori mahali ambapo trekta lilikuwa limeshindwa, na video ikafika kwa chama kimoja cha magari Nairobi. Walikuwa wanatafuta timu ya kwenda Malaysia, kwenye mashindano ya nchi nyingi ya kupitisha magari msituni wakati wa masika yao. Dereva mmoja, fundi mmoja, siku kumi. Abdiaziz akasema haendi bila Mulwa.

Nilikasirika. Niliuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayepeleka gari ng'ambo ya bahari likakwame huko, kama kwamba hapa hatuna mahali pa kukwama. Ruqiya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaniambia, Mama Yvonne, wacha waende, Abdi wangu ana haraka, lakini akiwa na mume wako sina wasiwasi. Yvonne ni binti yetu. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo dogo.

Siku za kwanza Mulwa alituma picha. Gari limezama hadi kwenye vioo, ruba wamemng'ang'ania miguuni, miti imefunga mbingu mpaka mchana ni giza. Abdiaziz alikuwa anacheka katika kila picha. Yvonne alizionyesha darasa zima.

Siku ya sita, saa sita mchana kwetu, jioni kwao, nilikuwa nachagua ndengu uani Mulwa akanipigia kwa simu ya setilaiti ya mashindano. Alikuwa na dakika chache tu. Walikuwa wamefika kwenye mto, na mto umejaa. Timu nyingine zilikuwa zimevuka kwa kujivuta na waya iliyofungwa kwenye miti ya ng'ambo, nyingine zimerudi kambini juu ya kilima. Abdiaziz anataka kuvuka saa hiyo hiyo. Yeye Mulwa anaogopa. Akaniuliza mimi ninaonaje.

Wenyeji wa pale walikuwepo, angewauliza. Lakini kwetu mto ukijaa anaulizwa Ndinda, na mazoea ni mazoea hata ukiwa umevuka bahari. Na mimi, ambaye maisha yangu yote sijawahi kuona mto usiokauka, nilijibu haraka haraka kana kwamba nimesimama pale ukingoni.

"Msivuke," nikasema. "Na msirudi kambini, mtachelewa bure. Laleni hapo hapo kando ya maji. Asubuhi yatakuwa yameisha, muwe wa kwanza."

Akasema sawa. Nilimsikia akimwambia Abdiaziz, na Abdiaziz akinung'unika, halafu akicheka. Nikarudi kwa ndengu zangu nikiwa na furaha. Ile furaha ndiyo inaniuma kuliko yote.

Mto wa kule haupungui. Mvua hainyeshi ikaisha, inanyesha miezi, maji yanapanda juu ya maji. Hayo nilielezwa kesho yake na mtu wa chama kutoka Nairobi. Mto ulipanda usiku ukalichukua gari. Mulwa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba kilichofungwa mitini, yuko hai. Abdiaziz alikuwa amelala ndani ya gari. Wanamtafuta.

Ruqiya alifunga duka akaja kukaa kwangu, kwa sababu simu ilikuwa inaingia kwangu. Siku tatu. Anaswali, anakaa, anaitazama simu. Akina mama wa kanisa langu walikuja wakaomba kwa sauti, naye akaitikia amina. Chai nilimpikia ikapoa. Tungefanya nini? Hata jina la ule mto hatukulijua. Nilitaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo nilimwuliza kama amekula.

Siku ya tatu asubuhi Mulwa akapiga mwenyewe. Nikaweka spika. Alisema wamempata Abdi, kilomita nne chini, na sauti ilivyokuwa hatukuhitaji kuuliza zaidi. Ruqiya hakupiga kelele. Alisema innalillahi, polepole, akaivuta simu karibu.

"Mulwa," akasema. "Nani aliwaambia mlale hapo?"

Nilisikia mvua upande wake. Goti langu lilikuwa limegusana na goti la Ruqiya. Nilimwomba Mungu anipe nguvu ya kusema, na papo hapo nikamwomba Mulwa moyoni asinitaje.

"Ni mimi, mama," Mulwa akasema. "Mimi ndiye niliamua."

Na mimi sikusema kitu.

Walimzika huko huko. Mulwa alirudi na nguo za Abdi ndani ya mfuko akazipeleka kwa Mzee Hirsi, mzee akazipokea na kumshukuru. Ruqiya hakutoka nje. Mpaka leo akimwona Mulwa anageuza uso, na mwisho Mulwa alichoka kugeuziwa uso, akahamishia vyombo vyake vya ufundi Tawa. Anafanya kazi huko Makueni, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimwambia mara moja kwamba nitakwenda kusema ukweli. Akaniuliza nitakwenda lini. Sikuwa na siku ya kumwambia.

Ruqiya bado anakuja kwangu, kila Ijumaa baada ya swala. Anamlaumu mume wangu, halafu ananiomba radhi kwa kumlaumu. Wiki iliyopita alinishika mkono.

"Mama Yvonne," akasema, "ungekuwa wewe kule, Abdi wangu angekuwa hai."

Nikamwongezea chai.