Mtoto Ambaye Sikuletewa

Kwetu upande wa Bumula, mama anayenyonyesha akishika mimba nyingine, yule mtoto wa titi huondolewa na kupelekwa kwa nyanya yake. Anazoea uji wa huko, anazoea mgongo wa huko, na mara nyingi harudi. Mimi nilizaa saba. Watano walichukuliwa na mama mkwe wangu kabla hawajajua kutembea vizuri. Nakumbuka jina la kila mmoja, na la kila ng'ombe aliyewapa maziwa, ingawa hapa sitayaandika. Tukikutana njiani walijificha nyuma ya gauni lake. Yeye walimwita mama. Mimi waliniita jina langu, vile walisikia watu wakubwa wakiniita.

Nilimwonea wivu mpaka siku ya kumzika. Nilijiambia tu, ngoja, zamu yangu itafika.

Kijana wangu ni mmoja. Wengine ni mabinti, na watoto wao wana nyanya wa upande wa baba zao. Huyo kijana alioa, wakakaa Kitale, mke wake akajifungua msichana. Wakati huo mke mwenzangu, ambaye mlango wake unatazama wangu, alikuwa ameshaletewa wajukuu wawili. Kila asubuhi anawaogesha kwa karai pale nje, akiongea kwa sauti ili nisikie.

"Wewe bado unalala peke yako kama askari wa zamu?" aliniuliza.

"Ngoja. Wangu anakuja."

Mtoto alipofika miezi minne nilienda Kitale na kuku na unga wa wimbi. Nilimkuta mke wa kijana wangu amevaa nguo ya kutoka.

"Mama, umefika wakati mzuri. Twende unishikie mtoto, naenda kuwekwa kijiti."

"Kijiti gani?"

"Cha kupanga uzazi. Kinaingia hapa." Akagusa mkono wake wa juu, upande wa ndani. "Miaka mitatu."

Miaka mitatu bila mimba, nani angeniletea mtoto? Niliona nyumba yangu vile ilivyo, kitanda na kiti. Nikasema uwongo.

"Si hicho kitakausha maziwa? Kuna mtu wa Malakisi alikiweka, matiti yakawa kama soksi."

"Haya, tutauliza sista wa kliniki."

Tulipofika kliniki kweli akauliza, tena mbele yangu. Sista alisikiza mpaka mwisho.

"Kuna vidonge fulani vinaweza kupunguza maziwa, hivyo hatumpi anayenyonyesha mtoto mchanga. Hiki hakina hiyo dawa. Nyonyesha tu. Hedhi inaweza kubadilika; ikikusumbua, rudi tukuone." Kisha akanigeukia, akaniita nyanya kwa lugha yetu. "Na huyo wa Malakisi, kukhu, anaitwa nani?"

Mimi ambaye sijawahi kusahau jina la mtu, nikakosa hata moja. Wakacheka wote wawili. Nikacheka pia, nifanye nini?

Mke wa kijana wangu alipoingia nyuma ya pazia kuchomwa ganzi, nilibaki na mtoto. Mara ya kwanza akiwa wangu peke yangu. Nilimnong'oneza majina ya ukoo wetu wote. Alinitazama kidogo, kisha akageuza uso kwa pazia akalia. Nikampa kidole, akakitema. Nikamtembeza, akazidi.

Mama yake akatoka na bandeji mkononi, akasema neno moja tu, na mtoto akajirusha kwake karibu anitoke mikononi. Akanyonya huku amefumba macho.

"Mama, wewe wako walinyonya mpaka lini?" akaniuliza.

"Mpaka nyanya yao alipokuja."

"Na hukukataa?"

"Nani aliniuliza?"

Akamhamishia mtoto titi la pili. Mimi nilikuwa naangalia kile kidole kidogo kinavyokwaruza titi lake. Huyu atamnyonyesha mpaka mtoto aseme mwenyewe ametosheka, na ataitwa mama. Wivu ule ulinirudia pale kwenye benchi, wa sasa ukiwa mkali kuliko wa zamani.

Niliporudi nyumbani mke mwenzangu alikuwa kwa karai yake.

"Yuko wapi huyo wako?"

"Yuko na mama yake," nikasema. "Atakaa na yeye."

Nikaingia ndani, nikapika chai ya mtu mmoja.