Mama Usicheke na Mlinzi wa Zamani

Mtaa mzima ulimwita Mama Usicheke, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa mpiga picha za pasipoti, na picha hizo, kama ujuavyo, hazitaki meno. Ukikaa tu mbele ya lile shuka lake jeupe, utamsikia: "Kidevu juu! Masikio yaonekane! Usicheke!" Nyuso za mtaa mzima zilijaa kwenye kompyuta yake. Wake tu haukuwemo, maana nani angempiga picha yeye?

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, mtu wa randa na msumeno. Lakini alijikongoja kwenye kompyuta ya kuazima, akamtengenezea mkewe albamu ya siri: ukiibofya inajiendesha yenyewe, na sauti yake ndani. Akaileta dukani kwa mkewe, akaiingiza kwenye kompyuta yake, mara ikatoweka. Wakaitafuta, wapi! Na kwenye ile kompyuta ya kuazima alishaifuta, siri isivuje. "Nitakutengenezea nyingine," akasema. Hakuwahi. Moyo ulimsimama wiki hiyohiyo. Tangu hapo kilichomkereketa Mama Usicheke ni kimoja: zawadi ya mwisho ilipotea, na hakujua hata ilikuwa na nini.

Miaka ikapita. Antivairasi ya zamani, ile programu ya kuilinda kompyuta dhidi ya virusi, ikachoka, akanunua mpya, akaipachika juu ya ile ile. Lo! Kompyuta ikaganda kama jiwe, wateja wamejipanga kwenye benchi. Akamwita mdogo wake, fundi wa kompyuta.

"Dada, umeweka mbili humu?"

"Si walinzi hao? Wawili si bora kuliko mmoja?"

"Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi. Huyu wa zamani lazima atoke kabisa, na mizizi yake, ndipo mpya aingie."

"Mng'oe! Miaka yote kazi yake kusinzia tu."

Fundi akaiondoa kwanza ile mpya, kompyuta ikapata pumzi. Alipofika kwa ya zamani, mkono ukasita.

"Ngoja kwanza. Huyu ana mahabusu yake. Faili analolishuku halifuti, analifungia. Tukimng'oa, na wafungwa wanakwenda naye."

Akafungua. Mfungwa alikuwa mmoja tu, na jina lake lilisomeka: Zawadi ya Mke Wangu.

Mama Usicheke alikaa kwenye kiti cha wateja bila kujua amekaaje. Kumbe! Yule mlinzi aliyemwita msinziaji ndiye aliyemtunzia zawadi.

"Lilikuwa programu asiyoijua, akalitilia shaka," fundi akasema taratibu. "Lakini dada, huenda lina virusi kweli. Likiwa navyo, tutalifuta."

"Usiniambie hivyo."

"Nakuambia sasa ili usinilaumu baadaye."

Akalitoa kwenye mahabusu bila kulifungua, akalihifadhi kwenye diski ya pembeni, akaichomoa. Kisha akamwondoa mlinzi wa zamani, akazima na kuwasha, akafagia mabaki yote aliyoyaacha, akazima na kuwasha tena. Ndipo akaweka mpya peke yake. Akarudisha diski, akaamuru ikaguliwe.

Mama Usicheke alimshika mdogo wake bega kama mtu anayevuka mto. Mungu wangu, ule mstari wa ukaguzi ulivyotambaa kwenye kioo!

Salama. Hakuna virusi.

Akabofya mwenyewe. Na nani aliyetokea? Yeye! Yeye akifuta lenzi kwa ncha ya kanga. Yeye amelala juu ya meza, mdomo wazi. Yeye anamkaripia mteja, kidole hewani. Picha kwa picha, zote za kuviziwa, zilizopigwa na mumewe, mtu aliyemdhani hajui hata kushika kamera. Hakuwahi kujua kuna jicho lililokuwa likimtazama namna ile.

Wateja walikuwa wameinuka kwenye benchi, wamesimama nyuma yake. Picha ya mwisho ilipotulia, sauti ya seremala ikajaa dukani, nzito, ya mzaha:

"Haya, mke wangu. Sasa cheka."

Akacheka, machozi yakimtiririka, na meno yake yote nje.