Mlozi wa Miiba wa Paje

Nilikwenda Paje kwa sababu ya uji. Dada yangu Zuwena alikuwa ndani ya arubaini ya uzazi, na kwetu mjini, mtaa wa Malindi, mzazi asipokunywa uji wa lozi huhesabiwa hakutunzwa. Miaka ile baada ya Mapinduzi, lozi madukani zilikuwa hadithi tu. Mama akakumbuka kwamba mjomba Seif, aliyehamia Paje, alipanda mlozi mwitu kwa mbegu alizoletewa kutoka Ghuba.

Asubuhi nilipanda gari la shamba. Tulipoipita Tunguu minazi ilipungua, ukaanza uwanda: mawe na vichaka.

Paje nilipokewa na mke wa mjomba, Bi Mwanahija. Mjomba mwenyewe alikuwa kondeni. Mlozi ulikuwa nyuma ya nyumba, kichaka cha kimo cha kifua, miiba mingi kuliko majani, umeota kwenye ufa wa jiwe ambamo hata muhogo haumei. Ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza. Tulichuma huku tunachomwa na kucheka. Kwa jirani, lori la nazi lilikuwa likiondoka kwenda mjini.

"Mpe dereva azitangulize, mzazi asingoje," alisema Bi Mwanahija. "Wewe huwezi kuondoka hujamwamkia mjomba'ko."

Adhuhuri mjomba alirudi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeuona mlozi wangu?"

"Naam. Lozi nshazipeleka mjini, kwa lori."

Jembe likamponyoka. "Zile chungu, mwanangu! Zina sumu! Wenyewe huko Ghuba huziloweka siku kadhaa, maji wakibadilisha. Zikipondwa vivi hivi zinaua!"

Mjomba alinipakia baiskeli mpaka tukapata gari njiani. Kila gari liliposimama kupakia mizigo nilitaka kushuka nikimbie. Akilini nilimwona Zuwena amelala, mtoto analia pembeni yake, watu wamejaa barazani.

Magharibi niliingia nyumbani. Zuwena alikuwa kitandani, ananyonyesha.

"Uji hukunywa?"

"Mchungu kama shubiri! Nimeonja, nkautema."

Nikaliona bakuli sakafuni. Lilikuwa tupu.

"Mama yuko wapi?"

"Kaunywa yeye sasa hivi. Kasema umezifuata mbali, haumwagi. Kenda kujilaza, kichwa kinamzunguka."

Tulimkimbiza hospitali, na Mungu alitusitiri. Alipopata nguvu nilimuuliza kwa nini aliumaliza uji mchungu kiasi kile. Alinishangaa.

"Si wewe uliyezileta?"

Tangu hapo, nikimpelekea chakula mtu anayenipenda, hukionja kwanza mimi mwenyewe.