Ubao wa Aloisi

Siku ile tulikuwa tunaranda mbao nyuma ya kanisa letu, kule juu ya Mwika. Kahawa ilikuwa imeanikwa, jua zuri, na mimi nilikuwa natamani kurudi nyumbani, kama kawaida yangu. Mimi ni mtu wa kihambani, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Hata Sanya Juu naiona ughaibuni. Ndiyo maana rafiki yangu Aloisi aliniita Mwali.

"Mwali, piga randa! Mama yako utamkuta, hatoroki."

Kanisa letu ni la mbao tupu. Babu zetu waliliinua juu ya mawe mchwa wasipande, wakaunganisha nguzo na boriti kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Kuta ni mbao za mringaringa zilizosimama wima na kulaliana ili mvua iteleze. Kila kijana, kabla hajaoa, huleta ubao kutoka kihamba cha kwao, akauranda na kuchonga alama yake upande wa ndani, kisha akaufunga ukutani mahali pa ubao uliochakaa. Aloisi alichonga jogoo wa mguu mmoja, maana kisu kiliteleza.

Wito wa vita vya Kagera ulitukuta na randa mkononi. Sote wawili tulikuwa tumepitia mgambo. Katekista Baltazari akaahidi mbele ya waumini:

"Nafasi zenu mbili ukutani zitabaki wazi. Mkirudi mtazifunga wenyewe. Asiyerudi, mwenzake atamfungia."

Akina mama wakazikinga kwa majani ya migomba.

Nilikuwa askari mbovu. Buti zilinichubua, na nilimlilia mama na mtori wake wa ndizi hadi wenzangu wakauliza kama nimekuja na kitanda. Handaki langu alichimba Aloisi, huku akinicheka.

Asubuhi moja, ng'ambo ya mto, mizinga ilianza.

Tulilala chini.

Udongo ukatumwagikia.

"Mwali, uko mzima?"

"Niko."

"Ubao wangu utaufunga wewe. Usimwachie katekista, ataugeuza kichwa chini."

Nikacheka. Nilipomgeukia, alikuwa amekwisha kwenda.

Niliporudi sikuanza kwa mama. Mimi, sikuanza kwa mama! Nilipitia kanisani. Nafasi zetu zilikuwa zimezibwa kwa mbao za mkaratusi, zimepigiliwa misumari, na tayari zimeanza kupinda.

"Askofu alikuja," akaniambia mama mmoja aliyekuwa anafagia. "Wakaona upepo utampiga."

"Na mbao zetu?"

Akaendelea kufagia. "Muulize katekista, mwanangu."

Ubao wangu niliukuta umeegeshwa kwenye zizi la katekista, mzima. Wa Aloisi ulikuwa sehemu ya mlango wa zizi. Walikuwa wameufupisha. Msumeno ulipita shingoni mwa jogoo.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Baba! Sisi tulisikia mmekufa wote."

"Mama yangu alikwambia niko hai."

Akainama kumsukumia ng'ombe majani.

Kesho yake alikuja kwetu ameshika jani la isale. Kwetu sisi, ukiombwa msamaha kwa isale hukatai. Ukikataa, laana inahamia kwako. Nikalipokea. Akalia, na mama akampa pombe ya mbege. Mimi nikaenda na patasi kung'oa ule ubao mlangoni.

Nikatoa mikaratusi ukutani, nikaufunga ubao wangu, kisha wa Aloisi, kichwa juu, kama alivyotaka. Haukufika. Chini yake pamebaki pengo la kiganja.

Baltazari alipofariki, miaka mingi baadaye, tulimzika vizuri, nami nilibeba jeneza. Kila Jumapili nakaa penye lile pengo. Wajukuu wananitania: "Babu, na kikohozi chote hicho, huoni kuna upepo?" Nawaambia nimezoea.

Kanisa linataka pazibwe. Nimekataa. Lile jani nililipokea kwa upande wangu. Aloisi hakuwepo kupokea lake.