Tela la Supu Lilipoacha Kuyumba

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuweka pipa la maji nyuma kabisa ya tela. Dada yangu anauza supu kwenye minada ya upande wa Handeni, na jiko lake ni kibanda cha bati chenye magurudumu mawili. Mimi nakivuta kwa pikapu kutoka kwetu Mnyuzi. Kila nikifunga tela, pikapu ilikuwa inainama nyuma, na mimi kitu kikiinama silali. Pipa lilipohamia nyuma, pikapu ikanyooka. Nikajisifu.

Kwenye mteremko wa lami tela likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi usukani ukawa mwepesi mikononi. Nikakanyaga breki, nikazidisha balaa. Tulikuja kusimama kwenye majani, wazima. Dada akaenda kufungua mlango wa kibanda. Supu yote ilikuwa sakafuni.

"Kumbe nimeamka alfajiri kuwapikia sisimizi," akasema. Kisha, bila utani: "Mdogo wangu, ikimwagika tena kibanda nakiuza. Narudi shamba."

Hakuna aliyenifundisha kuvuta tela. Nilijifungia na simu nikiangalia video, narudia hata zile nilizozielewa. Nikajua kwamba mzigo mzito hukaa mbele kidogo ya ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya tela; ukikaa nyuma, tela linatikisa gari. Nikajua pia kwamba uzito ukilalia ndoano inayounganisha tela na gari, matairi ya mbele ya gari yanakosa kitu cha kuyakandamiza. Dawa yake ni ndoano yenye vyuma viwili vya springi. Unavivuta juu kwa minyororo, navyo vinarudisha sehemu ya uzito kwenye matairi ya mbele na kwenye tela lenyewe. Nilipata seti iliyotumika kwa muuza spea Korogwe, fundi akaifunga.

Siku ya mnada nikahamisha pipa mbele, nikakaza minyororo hadi pingili ya mwisho. Nilitaka isibaki hata chembe ya makosa. Hatujafika lami, kwenye kilima kidogo cha vumbi, matairi ya nyuma yakazunguka bure.

Dada akachungulia dirishani. "Umelifunga gari au umelinyonga?"

Nikatoa futi ya fundi cherehani. Fenda ya mbele, bati la juu ya tairi, ilikuwa chini kuliko nilipoipima gari likiwa halina tela: nilikuwa nimehamisha uzito kupita kiasi. Nikalegeza pingili, nikapima, nikalegeza nyingine. Fenda ikarudi karibu na kipimo chake.

"Tayari?"

"Tayari. Panda, dada."

Kwenye mteremko ule lori la mkonge likatupita kwa kasi, upepo wake ukalisukuma tela. Likatikisika mara moja. Nikashika usukani ukiwa umenyooka, nikaachia pedali ya mafuta taratibu, breki sikuigusa. Tela likatulia.

Mnadani wafugaji walikuwa wameshajipanga. Dada alifunua sufuria kwanza, akaitazama, halafu akanichotea bakuli.

"Kula kabla sijabadili mawazo."

Kibanda hakikuuzwa. Siku hizi napakia vizito mbele, napima fenda kila safari, na mtu akiniambia nirudishe pipa nyuma ili gari lipendeze, namkatalia.