Ufunguo wa Gareth

Janine Holroyd alikuwa mwanamke wa kucheka. Mtaa wao wote wa Burnley, Uingereza, ulimjua kwa kicheko chake, na katika shule ya msingi alikogawa chakula cha mchana watoto walimpenda kwa sababu alimwaga kastadi juu ya keki bila ubahili. Alipofika miaka arobaini na mbili, kicheko kilimkauka. Mlango wa gari ukifungwa barabarani alisimama palepale, kijiko mkononi, mpaka nyayo zipite.

Aliyemwogopa alikuwa Gareth, mumewe, ambaye kesi yao ya talaka ilikuwa inaelekea ukingoni. Gareth hakuwahi kumpiga, na hilo ndilo lililomtatiza Janine kila alipotaka kueleza. Watu husubiri jeraha, naye hakuwa nalo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Gareth alihamia chumba kilicho juu ya baa ya rafiki yake, lakini alipoondoka aliondoka na ufunguo wa nyumba. Janine alipotaka kubadilisha kitasa, wakili wake alimkataza.

"Jina lake limo kwenye hati, na limo kwenye mkopo. Mpaka litoke, hiyo ni nyumba yake pia. Akija na ufunguo wake, anaingia."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala. Samahani, Janine."

Kuhama nako hakukuwezekana. Binti yao, Tilly, alikuwa na miaka tisa na alitembelea kiti cha magurudumu. Milango ya nyumba ile ilipanuliwa kwa ajili yake, na bafu la chini Janine alilipigania kwa miaka mitatu, barua juu ya barua. Nyumba nyingine kama hiyo angeipata wapi? Mahakama ilimpa miezi tisa: achukue mkopo wa nyumba kwa jina lake peke yake na kumwondoa Gareth, la sivyo nyumba iuzwe. Benki mbili zilimkataa kabla hata hajamaliza kueleza. Zikisikia posho za serikali, zinafunga faili. Ungedhani mama anayemwogesha mtoto wake kila siku ni mvivu anayekaa bure.

Miezi saba ikapita hivyo. Ndipo jirani yake, Bi Brenda, mjane mwenye mdomo usio na breki, alipomwandikia jina kwenye kipande cha karatasi. "Nenda kwa Imtiaz Chaudhry, yule dalali wa mikopo aliye juu ya duka la mikate. Huyo hata mimi na paka wangu angetupatia mkopo."

Imtiaz alikuwa mtu wa makamo, miwani imemkalia ncha ya pua. Alipitia karatasi za Janine moja moja, akinywa chai iliyokwisha kupoa.

"Kazi yako ya shule ni ya saa kumi kwa wiki. Kuna posho ya ulemavu ya Tilly, posho yako ya kumtunza, na ile ya kila mwezi ya watu wa kipato kidogo. Nimepata benki moja itakayozihesabu zote."

"Zote?"

"Usifurahi bado, dada. Hazitoshi. Bila pesa ya matunzo ya mtoto anayotoa baba yake, hatufiki."

"Analeta. Kila tarehe ishirini na nane."

"Vizuri. Benki inataka iione kwenye taarifa za akaunti yako, miezi sita mfululizo. Mwezi mmoja ukikosekana, tunaanza kuhesabu upya, na wewe muda wa kuanza upya huna."

"Ninayo mitano."

"Basi mwombee huyo bwana afya njema," alisema Imtiaz, akacheka. Janine hakucheka.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia. Mtu akituma pesa kutoka benki hadi benki, kuna nafasi ndogo ya kuandika maneno: kodi ya nyumba, zawadi ya harusi, mambo kama hayo. Gareth naye aliandika. Mwezi wa kwanza aliandika KUPE. Wa pili, KULA USHIBE. Wa tatu, HUTAWEZA. Mwezi wa nne aliandika TAA YA JIKONI, na Janine akaelewa kwamba huwa anasimama nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro wa mapipa ya taka, akiwatazama. Tangu hapo aliizima taa hiyo akapika kwa mwanga wa ukumbini, na Tilly alipouliza aliambiwa wanabana matumizi ya umeme.

Mwezi wa tano yakaja maneno matatu: ZULIA JIPYA ZURI. Zulia lile Janine alikuwa amelinunua wiki mbili nyuma kwenye duka la vitu vilivyotumika, akalitandaza chumbani kwa Tilly, chumba ambacho ndani yake huwezi kuona kutoka nje. Gareth alikuwa ameingia. Alisubiri wawe shuleni, akafungua kwa ufunguo wake, akasimama kando ya kitanda cha mtoto, kisha akafunga vizuri na kwenda zake. Usiku ule, na kila usiku baada ya hapo, Janine alisukuma kabati la viatu nyuma ya mlango, ingawa alijua kabati la viatu halizuii mwanamume.

Tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita ilipofika, alikuwa shuleni akigawa viazi. Aliificha simu mfukoni mwa aproni akawa anaichungulia kila baada ya sahani tatu. Saa tano na nusu hakuna kitu. Saa sita hakuna kitu. Gareth alikuwa na wakili pia, na wakili wake hakukosa kumwambia miezi sita ina maana gani. Asipotuma leo, nyumba imekwenda, na hatakuwa amevunja hata kikombe.

"Janine, unanimwagia mchuzi kwenye kiatu," alisema mtoto mmoja.

Saa saba na dakika ishirini simu ilitikisika. Pesa zilikuwa zimeingia zote. Maneno yalikuwa: TUTAONANA HIVI KARIBUNI. Janine aliingia stoo ya jikoni, akaegemea magunia, akamshukuru Mungu. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikishukuru kwa ajili ya kitisho, alijionea kinyaa.

Jioni alichapisha taarifa za miezi sita, akazisoma kwa macho ya mtu wa benki. Kupe. Hutaweza. Tutaonana. Aliona aibu kama aliyeandika ni yeye. Nani atamkopesha mwanamke mwenye mambo kama haya? Watasema nyumba hii ina fujo, huyu mume hatalipa muda mrefu, au huyu mwanamke ana lake. Alichukua kalamu nene ya wino mweusi, akayafuta maneno ya Gareth yote, mwezi baada ya mwezi, mpaka karatasi zikapendeza. Akazipeleka kwa Imtiaz asubuhi, naye akazipokea ndani ya bahasha bila kuzifungua, akazituma benki.

Siku ya nne Imtiaz alipiga simu, na sauti yake haikuwa ile ya utani. "Janine, umefanya nini na karatasi zangu?"

"Kwani vipi?"

"Zimefutwa kwa wino! Benki wanasema nyaraka zimechezewa. Unajua neno wanalotumia? Ulaghai. Wamesimamisha kila kitu. Na mimi wananiuliza kama nilijua."

Janine alikaa sakafuni, hapohapo ukumbini. Alikuwa amejichimbia shimo kwa mkono wake mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita za mahakama.

"Niletee nyingine, safi," alisema Imtiaz. "Leo hii. Na uje mwenyewe."

Alikwenda na Tilly, kwa sababu hakuthubutu kumwacha nyumbani. Mwokaji wa duka la mikate la chini alimpa mtoto andazi la zabibu, na Janine akapanda ngazi peke yake. Imtiaz alisoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya tano alivua miwani.

"Zulia gani hili?"

Janine alimweleza. Alieleza kuhusu ufunguo, taa, na kabati la viatu, akilia na kujifuta kwa mkono wa koti. Imtiaz alikunja na kukunjua mkono wa miwani yake.

"Kwa nini hukuniambia, dada yangu?"

"Niliona haya. Nilidhani wataninyima."

"Sikiliza. Benki hawana moyo, na leo hilo ni bahati yako. Hawasomi matusi. Wanasoma tarehe na kiasi. Mwanamume huyu amekutukana mara sita, na mara zote kwa wakati." Akavuta pumzi. "Serikali ina idara ya kukusanya matunzo, ikakuletea wewe bila yeye kuandika neno. Lakini tukihamia huko leo, benki watataka wayaone malipo ya huko kwanza. Unaweza kumvumilia mpaka mkopo utoke?"

"Naweza," alisema Janine.

"Basi usifute tena hata nukta. Maneno yale ni yake, si yako. Na nakala moja aipate wakili wako."

Imtiaz aliandika barua ndefu kwa benki, akamdhamini Janine kwa jina lake. Wiki tatu Janine aliishi kwa kusikiliza mlango. Zikiwa zimebaki siku tano mkopo ulitoka, jina la Gareth likafutwa kwenye hati, na saa nane mchana uleule fundi alikuwa amepiga magoti mlangoni akifungua kitasa cha zamani. Bi Brenda alisimama kwenye ngazi na kikombe chake. "Weka kikubwa, baba," alimwambia fundi. "Kile cha kufungia simba."

Tarehe ishirini na nane ikafika tena. Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni na nje kumeshaingia giza, Tilly yuko mezani na vitabu vyake. Simu ilitikisika. Pesa zilikuwa zimeingia, na maneno yalikuwa mawili: UFUNGUO HAUINGII.

Baridi ilimpanda Janine kutoka miguuni. Gareth alikuwa amekuja. Alisimama kwenye ngazi ile, akachomeka, akazungusha, akazungusha tena. Janine alikwenda mlangoni akagusa kitasa. Kilikuwa kimefungwa. Akayasoma maneno yale tena, polepole, mpaka akasikia yalichokuwa yakisema kweli: hawezi tena kuingia.

"Mama, nina njaa," aliita Tilly. "Na sioni ninachoandika."

Alirudi, akawasha taa ya jikoni, akaanza kumenya viazi.