Siku Karabai Ilipohamia Jikoni

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme pale Mtwara mjini, shingo inaniuma kwa kutazama juu. Nyumba yetu ya Chuno imekwisha, rafiki yangu, baada ya miaka mingi ya tofali moja moja, nami nilikuwa nachagua taa. Usinicheke. Mtu aliyesoma kwa mwanga wa koroboi mpaka darasa la saba ana haki ya kuchagua taa kutwa nzima akitaka.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye ukoo wao umeuza bidhaa tangu enzi za bandari ya zamani ya Mikindani, mtu mpole mwenye kofia ya kushona. Alinishushia taa tatu za rangi ya shaba, zimeungana pamoja, kila moja na kofia yake. Nilizipenda papo hapo.

"Hizi, dada yangu, weka sebuleni, wageni wazione," akasema. "Chumba cha kulia tia taa ya kawaida tu. Si mnakula wenyewe na watoto?"

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Lakini mimi maneno yale niliwahi kuyasikia kwa namna nyingine, nikiwa mtoto, kijijini kwa bibi upande wa Mnazi Bay.

Kwa bibi kulikuwa na karabai moja. Ilikuwa ya mjomba, mtoto wake wa kwanza, naye aliitunza kuliko baiskeli. Kila jioni kabla ya Magharibi aliiwasha mwenyewe: spiriti kidogo, mwali wa buluu, kisha pampu, hadi ianze kuvuma shiii na uwanja mzima uwe mweupe. Halafu aliitundika barazani, walipokula wanaume. Sisi watoto na kina mama tulikula jikoni kwa koroboi la kopo la maziwa, moshi wake ukitujaa puani hata asubuhi tukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Bibi alitufanyia mzaha: "Kuleni, mkono haukosei njia ya mdomoni." Tukacheka, tukapapasa muhogo wa nazi na ming'oko, ile mizizi ya kuchimbwa porini, na samaki, kila siku samaki.

Ramadhani moja mdogo wangu wa kike alikwamwa na mwiba wa samaki changu. Alikuwa na miaka mitano hivi. Alikohoa, akashika koo, macho yakamtoka. Wakamlisha tonge kavu la ugali ausukume, haukwenda. Mama akasogeza koroboi amtazame mdomoni, mtoto akakohoa tena, likazimika.

Bibi akapaza sauti kuelekea barazani: "Leteni taa! Mtoto amekwamwa!"

Mjomba akajibu kutoka kwenye mwanga wake: "Ngojeni kidogo, watu wanafuturu."

Bibi hakungoja. Alimlaza mdogo wangu mapajani, akaingiza kidole kooni mwake gizani, akapapasa, akauvuta ule mwiba pamoja na damu. Mtoto akalia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko futari. Bibi alinawa mikono, akaenda kuswali.

Kesho yake mjomba aliwasha karabai kama kawaida. Ilipokolea tu, bibi akatoka jikoni, akaitungua kwenye kulabu ikiwa inavuma, akageuka nayo.

"Mama, unaipeleka wapi?"

"Jikoni."

"Na sisi je?"

"Koroboi lile pale. Mkono haukosei njia ya mdomoni."

Wageni wawili wa mjomba wakainamisha macho. Mjomba akasimama. "Watu watasemaje? Wanaume wa nyumba hii wanakula gizani? Taa hii yangu, nimenunua mwenyewe!"

"Na wewe wangu," bibi akasema bila kusimama, "nimekuzaa mwenyewe."

Sijui nikueleze vipi jiko lile lilivyokuwa siku ile. Tuliona mafuta ya nazi yakielea juu ya mchuzi. Tuliona chale za zamani mashavuni mwa bibi, zile ambazo jikoni zilikuwa zikimezwa na kivuli. Na tukaona jambo ambalo giza lilikuwa limelificha miaka yote: bibi hakuwa akila samaki. Minofu yote aliisukumia upande wetu, yeye akifyonza vichwa na mikia. Mama alipoona akakata pande nono la changu, akamwekea mbele.

"Sina njaa mimi," bibi akasema.

"Leo tunakuona, mama," mama akamjibu. "Kula."

Akala. Polepole, amekasirika, huku sote tukimkodolea macho.

Mjomba alihamia msikitini kufuturu, akaapa hatakula tena kwa mama yake mpaka karabai irudi. Bibi hakuirudisha. Majirani walisema, wengine walisema mengi, hakuirudisha. Siku ya kuamkia Idi, mchana, mjomba alikuja na chupa ya mafuta ya taa, nyundo, na kulabu mpya. Akaingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiingia, akagongelea kulabu kwenye boriti, akaivuta kwa nguvu kuona kama imeshika. Kisha akamuuliza mdogo wangu kama koo bado linauma. Jioni ile alikula nasi, mkekani, na hakuna aliyemtania.

"Mzee wangu," nikamwambia mwenye duka, "hizi tatu zinakwenda chumba cha kulia. Sebuleni nipe hiyo ya kawaida."

"Na wageni?" mume wangu akauliza.

"Wageni wanaotaka kuziona waje wale na watoto."

Mzee wa watu akacheka, akazifunga kwenye maboksi. Fundi alipokuja, alitaka kuzibana juu darini. Nikamwambia azishushe hadi mwanga ukajaa kwenye sahani.

Bibi ametangulia. Mjomba naye. Jiko lile lilianguka kwa mvua, na mikorosho iliyolizunguka imekatwa. Ming'oko siku hizi naitafuta sokoni kama dawa. Wenzangu wa rika langu tukikutana husifu enzi zile. Husema giza lilikuwa na raha yake, watu walipendana, chakula kilikuwa na ladha. Ladha ilikuwapo, na mapenzi yalikuwapo. Nayalilia hadi leo. Lakini giza lile halikuwa raha. Ndani yake kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akilala na njaa, na waliokuwa na taa hawakutaka kujua. Giza hilo limekufa, na mimi sitaliwekea matanga.